Barua kutoka Nakivale: Nyumba ya Kufungua na Kubeba

Ndugu zangu mliotoka Rutshuru na Goma,

Sisi ni wazima, maharage yametoa maua, na nyumba imesimama. Tangu habari zake ziwafikie, wengi mmenipigia simu mkiuliza swali lilelile: mtu anajengaje mahali ambapo si pake? Barua hii ni jibu langu kwenu nyote.

Nianze na ardhi yenyewe. Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi 1960, na wakazi wake wa mwanzo walikuwa wakimbizi wa Rwanda. Yamo wilayani Isingiro, Uganda, kusini mwa Mbarara, si mbali na mpaka wa Tanzania. Leo utakuta humu Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Wanyarwanda, na sokoni Kiswahili kinatutosha wengi wetu. Sisi tuliokimbia mji wa Bunagana, Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, Juni 2022, tulipitia kituo cha wakimbizi cha Nyakabande kule Kisoro, kisha mabasi yakatuleta hapa. Tukaonyeshwa kiwanja, tukapewa turubai la mita 4 kwa 5.

Kiwanja ni cha kutumia tu. Kanuni za wakimbizi za Uganda za mwaka 2010 zinaturuhusu kulima na kuchunga makazini bila malipo, ila hatuna haki ya kuuza ardhi wala kuikodisha. Siku tutakayorudi Kongo, kiwanja kitabaki. Kwa sababu hiyo jirani zangu wengine wanaishi chini ya turubai mwaka baada ya mwaka, na jua limeshalikausha hadi linachanika kwa kuguswa. Wanasema, nijenge nini, na kesho tutaondoka? Nawaelewa, ila siafikiani nao. Mtoto anayelala penye kuvuja ananyeshewa leo, na kesho hiyo haina tarehe.

Aliyenifungua mawazo ni mpwa wangu aliyehamishiwa Boise, jimbo la Idaho, Marekani. Yeye, mama yake na wadogo zake wanajenga kijumba juu ya trela, kila mwisho wa wiki, katika ua wa rafiki. Nilimwuliza kwa nini juu ya magurudumu. Akajibu: "Mjomba, kiwanja hatuna. Nyumba tunaweza." Baadaye akanieleza habari za Jay Shafer, ambaye mwaka 1999 huko Iowa City alijijengea kijumba cha karibu mita za mraba 9. Kanuni za ujenzi hazikukubali nyumba ndogo kiasi hicho, naye akaiweka juu ya trela. Wengi wakamfuata. Mwaka 2018 kanuni za mfano za ujenzi wa nyumba nchini humo zikaongezewa sehemu inayohusu nyumba zisizozidi mita za mraba 37, ingawa zile za magurudumu bado zinakataliwa katika miji mingi. Barabara nazo zina sheria zake: trela isizidi upana wa mita 2.6, la sivyo utafute kibali maalumu. Basi kitanda, jiko na choo vyote vinabanwa ndani ya upana huo.

Hapa kwetu barabara ya vumbi ya kuja kutoka Mbarara haiwezi kubeba nyumba, na hata ingeweza, nani ana gari la kuivuta? Lakini maneno ya mpwa wangu niliyashika. Tulikaa na shemeji yangu, ambaye ni fundi, tukaigawa nyumba katika mafungu mawili kabla ya kuchimba hata shimo moja. Fungu la kwanza ni udongo na mawe: hivyo ni vya hapa na vitabaki hapa. La pili ni bati, mbao za paa, mlango na madirisha: hivyo ni vyetu, tumevinunua, na siku ya kuondoka vitapanda lori pamoja nasi. Kila tulichokifanya baada ya hapo kilifuata mgawanyo huo.

Kwa paa tulikataa misumari. Msumari wa bati ukiung'oa unapanua tundu, na bati hilo likipigiliwa tena litavuja. Tulinunua skrubu zenye kofia na kipande cha mpira. Unatoboa kwanza kwa msumari mwembamba, kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde lake ambako maji hupita, ndipo unakaza kwa bisibisi. Kazi ni ya polepole na mkono unauma. Bati tulichukua geji 30 badala ya 32, kwa kuwa namba ikipungua bati linakuwa nene, na bati jembamba halistahimili kufunguliwa na kubebwa. Kenchi hazikupigiliwa ukutani. Zimefungwa kwa waya uliopitishwa katikati ya matofali, kozi kadhaa chini ya paa, maana upepo unaotangulia mvua hapa huondoka na mapaa ya watu. Fremu ya mlango imekazwa kwa skrubu pia, na bawaba ni za kufunguka.

Kuta ni matofali mabichi, tuliyoyafyatua wenyewe. Watoto walikanyaga udongo uliochanganywa na majani makavu, kaka mdogo akashika kalibu, wanawake wakabeba maji, na hiyo ndiyo kazi nzito kuliko zote, kwani Isingiro ni sehemu kavu na foleni ya bomba ni ndefu. Tofali hukauka kwanza kivulini chini ya nyasi, ndipo linatolewa juani. Ukiliharakisha linapasuka. Chini tuliweka msingi wa mawe ulioinuka juu ya usawa wa ardhi, na bati tukalitokeza nje ya ukuta, ili maji ya mvua yasiule ukuta kwa chini. Kuunganishia matofali tulitumia udongo wa kichuguu, maana unashika.

Miti ya kenchi ni mikaratusi. Kuni na nguzo zimekuwa adimu makazini, kwa hiyo tuliinunua kwa mzee mmoja Mnyankole upande wa Endiinzi. Alitusubiri hadi tulipopata fedha, kisha akatupa nguzo ya ziada kwa ajili ya mama mkwe wangu, tunayeishi naye. Namtaja kwa heshima hata kama siandiki jina lake. Mwenyeji anayeshiriki paa la mkimbizi anastahili kushukuriwa hadharani.

Na ukoo? Kila mmoja alileta alichonacho. Mpwa wa Boise alituma fedha za bati kwa simu. Binamu wa Mbarara alinunua vifaa mjini na kusimamia safari ya lori. Shangazi yupo Goma, na tangu mji ulipotwaliwa Januari 2025 na mabenki kufungwa, hakuwa na cha kutuma. Ila alituletea ujumbe wa sauti akimwelekeza mke wangu jinsi ya kuchanganya samadi ya ng'ombe na majivu kwa ajili ya kusiriba. Kuta zetu hazijapasuka. Shangazi amejenga nasi.

Nyumba ina vyumba viwili na si kubwa. Mama mkwe analala pakavu, na watoto wana meza ya kuandikia.

Sasa nina ombi kwenu, hasa ninyi mlio Marekani, Kanada, Nairobi na Kampala. Tangu 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipotugawa katika makundi kulingana na uhitaji, familia nyingi hapa hupokea kidogo kuliko zamani. Fedha ya nyumba ikifika wakati wa njaa italiwa, na hakuna wa kulaumiwa. Wengi wenu hutuma Desemba, kwa ajili ya sikukuu. Desemba mvua bado inanyesha na tofali halikauki. Kiangazi cha kujengea ni Juni, Julai na Agosti. Tumeni Mei, mtaje fedha ni ya nini, na ikiwezekana mlipe moja kwa moja dukani Mbarara, ili kifike kitu chenyewe: bati, skrubu, bawaba. Kiangazi kijacho tunajenga ya shemeji, aliyetujengea sisi huku familia yake ikiwa bado chini ya turubai. Anayetaka kuchangia paa lake anipigie kabla Mei haijaisha.