Siku jirani alipoiona bunduki ya mwanangu

Mwanangu wa pili alipokaribia kutimiza miaka 16 aliniomba zawadi moja tu: bunduki. Wazazi wenzangu, msishtuke kama nilivyoshtuka mimi. Hakutaka bunduki ya risasi. Alitaka ile ya mchezo unaoitwa easofti, ambao hapa Uingereza tunakoishi unawatoa vijana vitandani alfajiri ya Jumapili, jambo ambalo mimi mama yao sijawahi kuliweza.

Kwa asiyeujua, easofti ni mchezo wa kuwindana. Wachezaji hugawanyika makundi mawili, huvaa miwani minene ya kukinga macho, huingia msituni au kwenye majengo yaliyohamwa, kisha hupigana kwa bunduki zinazorusha vigololi vya plastiki vyenye upana wa milimita 6. Ukipigwa unainua mkono na kutoka mwenyewe. Kigololi hakiachi alama kwenye nguo, kwa hiyo hakuna wa kukuumbua ukidanganya. Mchezo mzima unasimama juu ya uaminifu.

Ulianzia Japani miaka ya 1970. Sheria za huko zilikuwa kali mno, ilikuwa vigumu sana kwa raia wa kawaida kumiliki bunduki ya kweli, basi wapenzi wa bunduki wakatengenezewa za kuigiza. Shida ni kwamba zimeigizwa vizuri kupita kiasi. Uzito, rangi, hata magazini inachomoka. Ukiwekewa mezani ya kweli na ya bandia, mimi na wewe hatutajua ipi ni ipi.

Mimi nimekulia Tanga. Sikukuu ya Idi kaka zangu walikuwa wakipewa hela, wanakimbilia bastola za plastiki na fataki, na mpaka magharibi mtaa mzima umeshapigana vita na kupatana. Kwa hiyo nilipozoea lile ombi la mwanangu, sikuona ubaya. Nikachukua akiba yangu nikaenda dukani.

Mwenye duka ni mzee mpole. Nilimwonyesha bunduki nyeusi iliyokuwa ukutani, nikamwambia nataka ile. Akaniuliza kama mimi ni mchezaji. Nikacheka, nikamwambia ni ya mwanangu. Akatikisa kichwa. "Hiyo siwezi kukuuzia," akasema. "Lakini hii naweza." Akaingia nyuma ya duka, akatoka na bunduki ya umbo lile lile, ila zaidi ya nusu yake ilikuwa ya bluu inayong'aa kama ndoo ya kuogea.

Nilidhani ananidharau. Nimeishi ugenini miaka ya kutosha, na mtu mweusi akiambiwa dukani "hiyo siwezi kukuuzia", moyo unajua kwenda kasi. Mzee aliona uso wangu ulivyobadilika. Akanivutia kiti, akanieleza taratibu.

Mwaka 2006 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kupunguza uhalifu wa kutumia nguvu. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2007, ni kosa kutengeneza, kuingiza nchini au kuuza bunduki ya bandia inayofanana na ya kweli. Waliosamehewa ni wachache: makumbusho, watu wa filamu na maigizo, wanaoigiza vita vya kihistoria, na wachezaji wa easofti wanaocheza kwenye michezo iliyokatiwa bima. Wengine wote wanaweza kuuziwa ya rangi kali tu: nyekundu, chungwa, njano, kijani, waridi, zambarau au bluu, au ya plastiki inayopitisha mwanga. Na mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kununua bunduki ya bandia ya rangi yoyote. Mzazi anaweza kumnunulia zawadi, ndiyo maana mzee alikuwa tayari kuniuzia ile ya bluu.

"Nitajuaje kama mtu ni mchezaji kweli?" mzee akaniuliza, kama vile mimi ndiye niliyetunga sheria. Kisha akajijibu. Wenye maduka walianzisha daftari la pamoja kupitia chama chao, UKARA. Mchezaji aliyefikisha miaka 18 anatakiwa acheze angalau mara tatu kwenye uwanja uliosajiliwa, katika muda usiopungua siku 56, ndipo uwanja umwandikishe na apewe namba. Akija dukani anatoa namba, mwenye duka anaihakiki, ndipo anauza. Asiye na namba anaondoka na ya bluu au anaondoka mikono mitupu. Wengi wanaondoka mikono mitupu.

Nikalipia ya bluu.

Siku ya kuzaliwa, mwanangu alifungua boksi, akanyamaza. Akasema, "Asante Mama," kwa sauti ile ambayo kila mzazi anaijua. Baadaye alimwambia baba yake kwamba msituni, mwenye bunduki ya bluu anaonekana kutoka upande wa pili kama mtu aliyebeba taa, na kila anayeiona anajua huyu ni mtoto au mgeni. Baba yake akamuunga mkono. "Sheria hii inawabana watu wazuri," akaniambia usiku. "Jambazi hatakwenda kujiandikisha kwenye daftari la mtu." Sikuwa na jibu. Kusema kweli, mpaka leo naona kuna ukweli katika maneno yale.

Wiki kama tatu zikapita. Jumamosi moja jioni, mlango ukagongwa. Alikuwa bibi jirani, mama mtu mzima anayeishi peke yake nyumba ya pili. Alikuwa anatetemeka. Mkono mmoja ameshika simu.

"Kijana wako yuko uani," akaniambia. "Ana bunduki."

Nikamwambia kwa haraka kwamba ni ya mchezo, ni ya bluu. Akanitazama. "Siyo ya bluu," akasema. "Ni nyeusi."

Nikaenda uani. Mwanangu alikuwa ameweka makopo juu ya uzio, anayalenga. Na bunduki ilikuwa nyeusi tii. Alikuwa amenunua rangi ya kupuliza na kuipaka usiku, mimi na baba yake tukiwa tumelala.

Bibi akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Alipomwona kwa dirishani, mara ya kwanza hakumtambua. Aliona tu kijana mrefu, mweusi, amevaa kofia ya sweta, ameshika bunduki. Alikuwa ameshaanza kubonyeza namba za polisi. Ndipo mwanangu akageuka, na bibi akamwona usoni: ni yule yule anayemtolea pipa la taka kila Jumatano. Akaacha kupiga, akaja kugonga.

Hapa Uingereza askari wa kawaida hatembei na bunduki. Lakini mtu akipiga simu kwamba ameona mtu mwenye silaha, hawaletwi wa kawaida. Wanaletwa wenye silaha, na wanakuja wakiamini kwamba wanakwenda kukutana na silaha.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikimfikiria mtoto wa mwanamke mwingine, nchi nyingine. Tamir Rice alikuwa na miaka 12. Novemba 2014, mjini Cleveland, Marekani, alikuwa bustanini akicheza na bastola ya easofti. Sheria ya kule inataka bunduki za kuchezea ziwe na ncha ya rangi ya chungwa, lakini ile ncha haikuwepo. Mtu aliyepiga simu polisi alisema huenda bastola ni ya bandia, na kwamba huenda mwenyewe ni mtoto. Maneno hayo hayakuwafikia askari waliotumwa. Gari lao lilipofika, walimpiga risasi ndani ya sekunde chache tu. Alifariki siku ya pili yake.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoielewa ile rangi ya bluu. Nilikuwa naichukulia kama hukumu juu ya mwanangu, kwamba serikali inamdhania mbaya. Kumbe kilichoangaliwa pale ni jicho la mtu anayemwona kutoka mbali, asiyemjua, mwenye hofu, na mwenye nusu dakika ya kuamua. Nia ya mwanangu haionekani dirishani. Rangi inaonekana. Na mimi nilijua, na baba yake alijua, ijapokuwa hatukulisema mbele ya watoto, kwamba jicho lile haliwatazami vijana wote kwa namna moja.

Jumatatu nilirudi dukani, peke yangu. Bunduki sikuthubutu kuibeba. Mzee aliposikia habari ya rangi alishika kichwa. Kuigeuza bunduki ya bandia ili ifanane na ya kweli ni kosa, sawa na kuitengeneza. Akanieleza pia kwamba kuwa nayo hadharani bila sababu ya maana ni kosa jingine, iwe nyeusi au ya bluu, na kwamba sababu kama "nampelekea rafiki aione" haimtoshi askari.

Nilimuuliza kama yeye anaiona sheria ni ya haki. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba sheria imempunguzia wateja. Kila bunduki inabidi aiweke ya aina mbili, nyeusi na ya rangi. Anatumia muda mwingi kuhakiki namba kuliko kuuza. Mzazi akija na furaha ya zawadi, yeye ndiye wa kumkatisha tamaa. "Lakini mwaka ule," akasema, "wengi wetu tulidhani tutafungiwa moja kwa moja. Tulipewa mlango mwembamba. Mtu mmoja akiutumia vibaya, utafungwa kwetu sote."

Nyumbani hatukupiga mtu wala hatukuvunja kitu. Tuliandika magazeti ya zamani chini jikoni, nikampa mwanangu dawa ya kuondolea rangi na kitambaa, nikamwambia, "Irudishe ilivyokuwa." Alisugua kutwa nzima. Bluu ikarudi na mabaka, kama kanga iliyochuja. Baba yake, yule yule aliyesema sheria inabana watu wazuri, alikaa chini naye wakasugua pamoja. Alimwambia, "Mwanangu, mimi naweza kubishana na sheria. Siwezi kubishana na risasi."

Jumapili iliyofuata niliwafuata msituni, mara yangu ya kwanza. Niliona mambo yaliyonituliza. Kabla ya mchezo kila bunduki ilipimwa nguvu, isizidi kiwango. Aliyevua miwani uwanjani alifokewa na msimamizi, na mchezo wote ukasimamishwa kwa ajili yake. Niliona watu wazima wenye kazi zao, waliokuja kupumzisha akili. Nao walilalamika: kwamba wanatazamwa kama wahalifu, kwamba lazima uifiche starehe yako ndani ya mfuko kama mtu aliyeiba. Niliwasikiliza. Malalamiko yao ni ya kweli. Lakini niliona pia kwamba kila mmoja wao, kabla ya kupanda gari, aliifunga bunduki yake mfukoni bila kuambiwa.

Tangu siku ile nyumba yetu ina sheria zake, fupi kuliko za Bunge. Bunduki haitoki mfukoni mpaka uwanjani. Haipandi basi, inakwenda kwa gari la baba au haiendi. Uani haichezewi, hata kukiwa na ukuta. Haipigwi picha ya kurusha mtandaoni. Na askari akikusimamisha, mikono ionekane, usiifuate bunduki kumwonyesha kwamba ni ya mchezo. Mwambie kwa mdomo iko wapi.

Likizo tulipokuja Tanga, alitaka aje nayo awaonyeshe binamu zake. Nilikataa kabla hajamaliza sentensi. Kule nilikokulia, nani atamweleza mlinzi wa getini au askari wa doria usiku kwamba bluu maana yake ni mchezo?

Kwa hiyo wazazi wenzangu wa nyumbani, nanyi nina neno. Siku hizi bastola za kuchezea zinazouzwa masokoni siyo zile za utoto wetu. Nyingine ni nyeusi, nzito, zina kila kitu. Sisemi mwanao asicheze vita vya Idi. Mimi mwenyewe nilibeba majeruhi. Nasema mnunulie ile ambayo hata mtu mwenye hofu, akiwa mbali, jioni, ataijua kuwa ni ya mtoto. Na ukimnunulia, kaa naye umweleze kwa nini. Mimi nilinunua bila kumweleza, na nusura nilipe.

Mwaka huu kijana ametimiza miaka 18. Amecheza michezo yake, amepewa namba, amenunua nyeusi kwa pesa yake, na yule mzee amemuuzia bila neno. Siku alipoileta nyumbani, kabla ya kupanda nayo chumbani, aliiweka mezani ikiwa imefungwa ndani ya mfuko, akatoka. Nilimwona dirishani akienda kugonga kwa bibi jirani kumpa taarifa.