Kiungulia cha Mjamzito na Neno "Kawaida"

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Methali hii hutumiwa kumwasa yeyote anayeficha shida yake, lakini inamwafiki zaidi mjamzito anayeungua kifuani usiku kucha kisha akanyamaza kwa kuwa ameambiwa hali hiyo ni ya kawaida. Kiungulia ni ule mwako unaopanda kutoka chembe cha moyo hadi kooni, ukaacha maji makali kinywani. Ni kweli kwamba wanawake wengi wenye mimba hukipata, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Hata hivyo, neno "kawaida" limewaponza wengi. Mmoja hulisikia akavumilia mateso yasiyo na haja. Mwingine hulisikia akameza chochote kilicho karibu, maadamu tatizo lenyewe ni dogo.

Chanzo cha mwako huu kinajulikana. Baina ya umio na tumbo pana msuli wa mviringo unaofunga mlango ili asidi isipande. Wakati wa ujauzito homoni ya projesteroni huongezeka na kuulegeza msuli huo. Mimba ikishakua, mji wa mimba nao hulisukuma tumbo kwenda juu. Basi mtazame mama wa miezi minane aliyekula chakula kizito saa tatu za usiku akajilaza papo hapo: mlango umelegea, tumbo limebanwa, na asidi imepata njia. Mavyaa wake humfariji kwa kumwambia kwamba mtoto ana nywele nyingi. Ajabu ni kwamba imani hiyo si ya kubezwa kabisa. Mnamo mwaka wa 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, waliowachunguza wanawake 64, walipata kwamba ukali wa kiungulia uliandamana na wingi wa nywele za mtoto. Lakini nywele hizo, ziwe nyingi vipi, hazimpi mama usingizi.

Nafuu huanzia jikoni na kitandani. Mjamzito ale kidogo kidogo mara nyingi, apunguze mafuta, pilipili na kahawa, na apitishe takriban saa tatu baada ya chakula kabla ya kulala. Upande wa kichwani wa kitanda waweza kuinuliwa kwa matofali, na kulalia ubavu wa kushoto husaidia. Mambo haya yasipotosha, kutumia dawa si aibu wala uzembe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2016 kuhusu huduma za wajawazito unakubali dawa za kupunguza makali ya asidi kwa mama ambaye mabadiliko hayo hayakumfaa. Zinazotangulia ni zile zenye kalsiamu kaboneti, au mchanganyiko wa magnesiamu na aluminiamu, zikitumiwa kwa kipimo kilichoandikwa. Zipo pia dawa za majimaji zenye alijineti, kitu kitokanacho na mwani, ambazo hutanda juu ya asidi na kuizuia isipande. Zote hizi hupatikana katika duka la dawa bila cheti cha daktari. Zikishindwa, mhudumu wa afya anaweza kushauri dawa kama famotidini au omeprazoli, zinazopunguza utengenezaji wa asidi yenyewe.

Hatari imo katika kudhani kwamba kila kiuzwacho bila cheti ni salama. Magadi, pamoja na unga wa kuchemka wenye sodiamu baikaboneti, hutuliza haraka, lakini chumvi yake humfanya mama abakize maji mwilini na kuvuruga uwiano wa damu yake. Baadhi ya tembe za kuchemka zina aspirini ndani yake, na mjamzito hapaswi kuinywa ila kwa agizo la daktari. Tembe za magnesiamu trisiliketi, zilizozoeleka kwa urahisi wa bei, hazifai kutumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu. Wako wanaotafuna odowa ili kutuliza tumbo, ilhali udongo huo huweza kuyanasa madini ya chuma ambayo mama anayahitaji. Hata dawa iliyo salama huweza kuyazuia madini hayo. Kwa hiyo pawe na muda wa angalau saa mbili kati yake na vidonge vya kuongeza damu apewavyo mama kliniki.

La kutisha zaidi ni pale ambapo maumivu si kiungulia kamwe. Baada ya wiki ya 20, maumivu makali chini ya mbavu, yakiandamana na kichwa kuuma sana, macho kuona kiwi, au uso na mikono kuvimba, huenda yakawa dalili ya shinikizo la damu linalotangulia kifafa cha mimba. Mama huyo asipoteze muda kwenye duka la dawa. Apelekwe hospitalini mara moja. Vivyo hivyo kwa anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, au anayeshindwa kumeza chakula.

Hapa ndipo Kiswahili kinapodaiwa wajibu wake. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi, lakini maandishi ya pakiti nyingi za dawa yangali ya Kiingereza, na mama asiyeyaelewa hubaki kumtegemea muuzaji. Mpaka maandishi hayo yatakapofasiriwa, amwulize muuzaji maswali matatu kwa lugha anayoimudu: Dawa hii ina nini ndani yake? Yamfaa mwenye mimba ya miezi hii? Nipishanishe saa ngapi na vidonge vyangu vya damu? Muuzaji asiyeweza kuyajibu hastahili kumuuzia.