Motokari ya betri, ghorofa ya tatu

Kwenye kipindi kilichopita tuliongea juu ya pesa tunazotuma nyumbani, nikataja haraka haraka kwamba mwezi ule nilikuwa natafuta motokari ya betri ya binti yangu. Zile ambazo mtoto anakaa ndani, anakanyaga pedali, inatembea yenyewe. Sikudhani kuna mtu angeshika hilo neno. Kumbe ujumbe mlionitumia karibu wote ulikuwa juu ya motokari: ya volti ngapi, umeipata wapi, na mama yako alisemaje. Basi naandika yote hapa, maana kwenye maikrofoni tulicheka tu tukaenda mbele.

Nianze na mama, kwa sababu ndiye alikuwa na swali zuri kuliko ya duka lolote. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Akatazama, akavaa miwani, akatazama tena, akasema: "Na hii motokari, itatembeyaka wapi? Ku balcon?"

Kwa wasioijua Yeoville: tunakaa ghorofa ya tatu, kwenye jengo la zamani, dakika chache kwa miguu kutoka barabara ya Rockey. Lifti ipo, ila imegeuka kuwa pambo. Chini kuna ua wenye sakafu ya matofali ambapo magari yanaegeshwa, na geti. Nje ya geti ni njia ya miguu iliyovunjika vunjika, wauza nyanya, wauza sombe, teksi zinapiga honi, na mtaa wenyewe una vilima, maana Yeoville imejengwa juu kwenye mgongo wa mlima. Motokari ya plastiki haitoki nje ya hilo geti, na mtoto wa miaka mitatu hatoki peke yake. Mimi mwenyewe nilikulia hapa hapa tangu 1997, nikiwa na umri wake. Mwaka 2008, wageni walipokuwa wanapigwa Johannesburg, wazazi walitufungia ndani, na hata baadaye ile tabia haikuisha. Watoto wengi wa huku, ukiwauliza mchezo wao, watakutajia televisheni. Ndiyo maana nilitaka kitu ambacho mtoto anakiendesha mwenyewe. Anageuza usukani, kitu kinageuka. Anaachia mguu, kinasimama. Kwenye maisha yake kila kitu kingine kinaendeshwa na mtu mzima.

Sasa, volti. Utakuta za volti 6, 12 na 24. Volti 6 ni za wadogo kabisa, mwaka mmoja na nusu hadi mitatu hivi. Mara nyingi zina mota moja, mwendo wa kama kilomita 3 kwa saa, yaani mwendo wa koko akienda kanisani. Volti 12 kwa kawaida zina mota mbili, na zinafika kilomita 5 au zaidi kidogo. Za 24 mimi sikuzitazama mara mbili: zina nguvu ya kumpeleka mtoto wa miaka saba kwenye nyasi na mlima, na uwanja wa namna hiyo hatuna.

Wauzaji watakuambia anza na volti 6, ni salama zaidi, ni bei nafuu zaidi. Mimi nabisha. Ua wetu una mteremko. Mota moja ya volti 6, ukiipandisha mlima na mtoto wa kilo 15, inalia, inapata moto, na usipoangalia inaungua. Kwenye sakafu ya vigae ndani ya nyumba, sawa. Yeoville, na mitaa yote iliyo juu ya ule mgongo, chukua 12 halafu tafuta yenye kasi mbili, umwekee ile ya chini. Angalia pia kama inaanza polepole mtoto akikanyaga. Zile za bei ya chini zinaruka kama mbuzi, kichwa cha mtoto kinarudi nyuma.

Halafu betri, na hapa nina habari nzuri ya Johannesburg. Karibu zote hizi zinatumia betri ya risasi iliyozibwa, na zile za volti 12 mara nyingi ni 12V 7Ah. Nenda kasome ile betri iliyo ndani ya mota ya geti lenu, au ya kengele ya wezi. Mara nyingi ni hiyo hiyo. Mji huu unavyoogopa wezi, hiyo betri inauzwa kila duka la vifaa vya ulinzi. Kwa hiyo usiagize betri "maalumu ya mtoto" kwa bei mara mbili. Pima urefu, upana, na vile vibati vya kuunganishia, nenda dukani. Ila usibadilishe fyuzi. Ikiungua, weka ya kiwango kile kile kilichoandikwa, usifunge waya juu yake ati iendelee kufanya kazi.

Kazi yangu ni kwenye bima, kwa hiyo nasoma maandishi madogo hata bila kulipwa. Mwezi wa kumi mwaka 1998, Marekani, Fisher-Price iliita magari yake ya Power Wheels yarudi kutengenezwa, hadi milioni 10, kwa sababu sehemu za umeme zilikuwa zinapata moto kupita kiasi na nyingine kuwaka kabisa. Mwaka 2001 ikakubali kulipa dola milioni 1.1 kwa madai ya kuchelewa kuiambia serikali. Hiyo ni kampuni kubwa, kwenye nchi yenye sheria kali. Sisemi muogope. Nasema tu: chaja ni ile iliyokuja na gari au inayolingana nayo kabisa, mtu mzima ndiye anachomeka, si usiku watu wakiwa wamelala, na si kwenye koridoo ambayo ndiyo njia yenu pekee ya kutoka. Ghorofa ya tatu, njia ya kutoka moja. Hesabu mwenyewe.

Umeme wenyewe si gharama. Volti 12 mara 7Ah ni wati-saa 84, hata uniti moja ya umeme wa kulipia kabla haifiki. Kujaza mara moja ni chini ya randi moja. Shida ni muda. Kujaza ni saa 8 hadi 12, kucheza ni kama saa moja. Mwaka 2023, na ule mgao wa umeme, ingebidi upige hesabu ya ratiba ya kukatika kabla ya kumwahidi mtoto chochote. Tangu mwisho wa Machi 2024 mambo yamepoa, ila kwetu nyaya za mtaa bado zina vituko vyake. Jambo lingine: betri ya risasi haipendi kukaa tupu. Ukiiacha miezi miwili bila kuijaza, baada ya baridi unakuta imekufa. Hata asipocheza, ijaze mara moja kwa mwezi.

Uzito pia, na hili hakuna tangazo linaloliongelea. Zile za viti viwili, zenye milango inayofunguka kama ya Lamborghini, nyingi zinafika kilo 20 au zinapita. Ngazi zetu ni arobaini na nane. Nilizihesabu nikiwa nimebeba gunia la unga la kilo 10 na mtoto anayekataa kutembea. Kwa hiyo kiti kimoja. Na magurudumu ya EVA, yale laini kama kandambili, si ya plastiki tupu, kwa sababu plastiki juu ya matofali inapiga kelele ambayo jirani wa chini ataijibu.

Bei sasa. Nilizoziona zilikuwa kati ya randi 1,800 na 6,000. Niliyoipenda ilikuwa 4,200, na ndipo mama alipotoa swali la pili, ambalo halikuwa la balcon. "Franga ya hii kitu, mutoto wa Mama Mukubwa anasomeya nayo mwaka muzima."

Nyie mnajua. Hakusema kwa hasira. Kule Congo shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini binamu yangu yuko sekondari, na sekondari ina minerval. Na huu haukuwa mwaka wa kawaida. Goma ilianguka mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Mabenki yakafungwa. Pesa ya kutuma ilianza kupita njia za kuzunguka, huku inakatwa, kule inakatwa. Wiki nzima tulikuwa tunalala na simu mkononi, tunasubiri alama mbili za buluu. Halafu wewe, mwezi wa tano, unakaa unalinganisha taa za LED za motokari ya mtoto.

Nimesikia majibu mawili kwa jambo hili, na yote mawili yananichosha. Moja ni la wazazi: kila randi ina mwenyewe nyumbani, furaha ya mtoto ni anasa. La pili ni la marafiki zangu wa kazini, ati jifunze kusema hapana, weka mipaka, mtoto wako kwanza. Hawa wa pili hawajawahi kuandikiwa na shangazi "tuko wazima, usijali", wakajua maana yake ni kwamba hajala. Mimi nilifanya hivi: nilituma ile minerval kwanza, yote ya muhula, kisha nikajiwekea kiasi cha randi 1,500 cha motokari na nikakataa kukiongeza. Mume wangu aliona kiasi ni kidogo. Yeye ni mtu wa Lubumbashi, kwao hata harusi ya paka inapambwa. Lakini akakubali.

Kwa randi 1,500 hupati mpya ya volti 12. Unapata iliyotumika. Na hii ndiyo siri ya mji huu: upande wa kaskazini, kwenye nyumba zenye bustani, watoto wanakua na motokari zinabaki gereji. Tulipata moja huko, kiti kimoja, nyekundu, kwa randi 900, betri imekufa. Betri ikifa watu wengi wanadhani gari limekufa. Nilikwenda na betri ya geti niliyoikopa kwa msimamizi wa jengo, nikaiunganisha pale pale mbele ya mwenye nyumba. Mota zote mbili zikazunguka, usukani ukashika, mkanda ukafunga, rimoti ikajibu. Tukalipa. Betri mpya tukainunua tukirudi, na bado tulibaki chini ya 1,500. Ukienda kununua iliyotumika, fanya hivyo hivyo: usikubali "inahitaji tu kuchajiwa".

Rimoti ilileta mjadala nyumbani. Mzazi anaweza kuchukua usukani kutoka mbali, hata kusimamisha gari. Mume wangu siku ya kwanza hakuiachia. Mtoto anageuza kulia, gari linakwenda kushoto. Baada ya dakika kumi binti akashuka, akamwambia baba yake, kwa Kiingereza cha krechi, kwamba hiyo si gari yake, ni ya papa. Tangu siku hiyo rimoti ni ya kusimamisha tu, gari la mtu likiingia getini. Na mtu mzima anasimama upande wa geti, si upande wa kivuli.

Papa wangu alizaliwa Goma, na yeye alikuwa na maoni yake. Kwake chombo cha mtoto ni chukudu. Mnaoijua mnaijua: lile baiskeli la mbao lisilo na pedali, magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa matairi ya zamani, linaloteremsha mkaa, viazi na kabichi mpaka mjini, mamia ya kilo mara moja. Goma wameliwekea hata sanamu ya rangi ya dhahabu, kwenye mzunguko wa barabara. Watoto wanajitengenezea madogo yao, wanateremka nayo. "Haina chaja," alisema papa, na kweli haina. Nilimwambia pia matajiri wa Ulaya walianza zamani: miaka ya 1920 Ettore Bugatti alimtengenezea mwanawe Roland gari dogo la umeme, nusu ya gari lake la mashindano, wateja wakaliona wakalitaka, akaanza kuliuza. Papa akauliza kama huyo Roland alikuwa na mlima wa kuteremka. Nikakosa jibu.

Lakini ndiye anayeshuka naye kila Jumamosi asubuhi, kabla magari hayajajaa uani. Watoto wa jengo wanapanga foleni: wa Nigeria wawili, mmoja wa Zimbabwe, mapacha wa ghorofa ya kwanza. Kila mtoto mizunguko mitatu. Papa anahesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu, shuka, na sasa wale mapacha, wanaoongea Kizulu nyumbani, wanampigia binti yangu kelele "shuka! shuka!" hata kwenye ngazi. Kule juu mama anatazama kutoka balcon. Juzi aliuliza kama inabeba kilo ngapi. Kitabu kinasema 30. Sikumuuliza anauliza ya nani.

Kilichobaki ni gurudumu la mbele la kushoto, EVA imelika upande mmoja kwa sababu ya kona ya matofali. Papa anasema tukate mpira wa tairi tuuvishe kama wanavyovisha chukudu, tuupigilie misumari. Misumari mimi nimekataa, gundi nimekubali. Kama kuna anayejua fundi viatu hapo Rockey mwenye gundi ya kushika mpira kwenye EVA, aniandikie kabla ya Jumamosi.