Macho ya Manjano Yasiyo na Homa

Mficha maradhi kifo humwumbua. Sajini mmoja mstaafu wa polisi, aliyetumikia Tororo kisha akajenga Busia upande wa Uganda, alianza kukonda. Chakula kilimkinai, maumivu yakamchoma toka chembe cha moyo hadi mgongoni, na mkanda wa suruali ukahitaji tundu jipya. Hatimaye macho yakawa manjano na mwili ukamwasha usiku kucha.

Majirani wa pande zote mbili za mpaka hawakukosa la kusema. Huyu alisema malaria. Yule alisema waragi umeharibu ini, ilhali Sajini hakupata kuonja pombe. Akanunua vidonge Busia ya Kenya, akanywa mizizi Busia ya Uganda. Miezi mitatu ikapita.

"Baba watoto, ni malaria gani hii isiyo na homa?" mkewe alimwuliza.

"Mama watoto, uzee nao ni ugonjwa."

Mama hakukubali. Alimpeleka hospitali Tororo, naye daktari akawaeleza kwa upole. Nyuma ya mfuko wa chakula imelala tezi iitwayo kongosho. Kazi yake ni kutoa maji ya kusagia chakula pamoja na insulini, inayotawala sukari ya damu. Mfereji wa nyongo hupita katika kichwa cha tezi hiyo. Uvimbe ukiota hapo huubana mfereji, nyongo ikarudi katika damu: macho huwa manjano, mkojo hufanana na chai ya rangi iliyokolea, choo hupauka, na ngozi huwasha. Uvimbe ukiota mkiani mwa kongosho, waweza kukaa kimya muda mrefu.

Si kila uvimbe wa kongosho ni saratani. Upo wa maji, ambao mara nyingine hutazamwa tu. Upo pia unaokua polepole. Lakini saratani iliyo ya kawaida zaidi katika kongosho ni kali, na aghalabu hugunduliwa ikiwa imekwisha kuenea. Tumbaku, unene uliozidi, kisukari na uvimbe wa muda mrefu wa kongosho, ambao pengine huletwa na pombe, huongeza hatari. Hata hivyo, asiye na lolote kati ya hayo aweza kupatwa.

Tumaini la kupona ni upasuaji kabla ugonjwa haujaenea. Wa Sajini ulikuwa umefika kwenye ini. Huko Mulago, Kampala, ilikoanzishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda mwaka 1967, alitiwa mrija wa kuzibua njia ya nyongo. Mwasho ukatulia, akapata usingizi. Alirudi Busia akawaita wanawe, wa kike na wa kiume, akawakabidhi hati za shamba mbele ya mama yao. Akafariki nyumbani, hana deni la maneno na mtu.

Leo mjane huyo, akisikia mke wa askari akisema mumewe ana macho ya manjano, hampi dawa wala hamtishi. Humwuliza maswali matatu: homa ipo? Mkojo una rangi gani? Na choo je? Kisha hujifunga kanga na kumsindikiza hospitali siku hiyo hiyo.