Neema, hakuna aliyetia sukari

Vila Nova de Gaia, Oktoba

Neema mwanangu,

Ule ujumbe wako mrefu wa sauti umenifikia, nikacheka peke yangu ndani ya basi mpaka watu wakageuka. Eti mgeni kakuuliza Port ni nini, nawe ukamjibu ni mvinyo wa kawaida uliotiwa sukari! Usione haya, wengi wa kaunta hujibu hivyohivyo. Ila wiki ijayo una mtihani, na shangazi yako ana miaka tisa kwenye maghala ya mvinyo huo. Ukifeli swali hili, aibu ni yangu.

Anzia kwenye mbege, ile pombe ya bibi. Unakumbuka alivyotuonjesha ikiwa bado changa? Tamu. Kesho yake utamu umepungua, inauma ulimi. Sukari ililiwa: hamira hula sukari, ikatoa pombe. Zabibu nazo ni vilevile. Ukiziachia, hamira itamaliza sukari yote na utabaki na mvinyo mkavu. Ujanja wa Port ni kumnyang'anya mlaji sahani kabla hajamaliza.

Siku ya pili au ya tatu, pombe ikiwa imefika kama asilimia 6 hadi 8 na karibu nusu ya sukari bado imo, wanachanganya juisi ile na pombe kali ya zabibu, asilimia 77. Wareno huiita aguardente, maji yanayowaka, na ukiinusa hutauliza sababu. Hamira haihimili ukali huo, inakufa. Sukari iliyosalia imesalimika, na mvinyo unaishia kwenye asilimia 19 hadi 22. Kipimo cha kale ni lita 435 za juisi kwa lita 115 za aguardente, jumla 550, yaani pipa moja. Nao huliita pipa! Neno ni lao, tulilichukua sisi, kama tulivyolipata neno mvinyo kutoka kwa vinho yao. Siku yangu ya kwanza nilimsikia msimamizi akisema "pipa", nikageuka nikidhani nimempata wa nyumbani.

Sasa, siku mbili ni chache mno kwa maganda kutoa rangi. Ndiyo maana mpaka leo baadhi ya mashamba hukanyaga zabibu kwa miguu: mguu hupasua ganda bila kuvunja kokwa, ambayo ndani yake ni chungu. Mwaka mmoja niliomba kujiunga nao. Birika la mawe, pana kama sebule, zabibu zinafika mapajani, baridi ya kukufanya ujute. Tulishikana mabega kwa mstari, tukapiga hatua kwa hesabu, moja, mbili, saa mbili nzima bila mchezo. Baadaye kodiani ikaanza kupigwa na kila mtu akaachiwa acheze atakavyo. Miguu yangu ilikaa zambarau siku kadhaa, nikawa navaa soksi hata kanisani.

Mashamba yenyewe hayako hapa Gaia. Yako mbali juu, bonde la mto Douro, kwenye miteremko iliyokatwa matuta, juu ya mawe yanayochanika tabaka kwa tabaka. Mizizi hupenya kwenye nyufa kutafuta maji, maana kiangazi cha kule hakina huruma. Jina halali la Port ni la zabibu za bonde hilo tu. Mipaka iliwekwa mwaka 1756 na waziri mkuu, Marquês de Pombal, ikawekewa alama kwa nguzo za mawe. Wakati huo wachuuzi walikuwa wakikoleza rangi kwa matunda ya mti mwingine, akaamuru miti ile ing'olewe. Namheshimu kwa hilo, ingawa kwa mengine alikuwa katili.

Na usidhani aguardente ilipokewa na wote. Joseph James Forrester, mfanyabiashara wa Uingereza aliyechora ramani ya mto ule, alipinga kabisa kuitia, akataka mvinyo uachwe uchache wenyewe. Alishindwa. Mwaka 1861 mashua yake ilipinduka kwenye maporomoko ya Valeira, akazama. Wasimulizi husema mkanda wake uliojaa dhahabu ndio uliomvuta chini.

Kwenye mtihani watakubana kwenye aina. Kumbuka mbao na kioo. Tawny hukaa miaka mingi kwenye mapipa ya mbao, hewa ikipenya kidogokidogo, wekundu ukafifia kuwa kahawia, ladha ikaelekea karanga na tini kavu. Lebo ikisema 20, usimwambie mgeni una miaka 20 kamili: ni mchanganyiko wa mivinyo ya umri tofauti, unaotakiwa kuonja kama wa umri huo. Ruby hulindwa dhidi ya hewa, ndiyo maana bado ni nyekundu na ina ladha ya matunda. Vintage ni ya mavuno ya mwaka mmoja uliokuwa mzuri, hukaa kwenye mbao miaka miwili au mitatu tu, halafu huzeekea ndani ya chupa.

Hapo kwenye Vintage ndipo nilipoumbuka. Nikiwa mgeni wa kazi, niliibeba chupa ya zamani nikiitikisa kama soda, nikammiminia mzee mmoja. Glasi ilijaa matope meusi. Hakusema neno, aliisogeza tu pembeni kwa kidole. Kwa hiyo: isimamishe chupa tangu jana yake, mashapo yatulie, kisha imimine taratibu kwenye jagi mbele ya mwanga, uache kumimina matope yakifika shingoni. Ikishafunguliwa inywewe siku hiyo au kesho yake. Tawny itakungoja wiki kadhaa kwenye friji, na hunoga ikiwa na ubaridi kidogo.

Nimempa mwenzangu anayekuja Arusha chupa ndogo ya Tawny ya miaka 10. Nusu ni ya mazoezi yako. Nusu nyingine mpelekee bibi, umwambie ni mbege iliyokatizwa, kisha unitumie sauti yake akiionja.

Shangazi yako