Fimbo ya Kupimia Dawa

Turkana, dawa ya macho hupimwa kwa fimbo. Kwetu Lamu mtoto hupandishwa kwenye mzani, kilo zake zikaandikwa, ndipo dozi ikatajwa. Huku Loima, magharibi ya Lodwar, mtoto husimamishwa chini ya mgunga kando ya fimbo ndefu yenye alama, na pale kichwa chake kinapofika ndipo inaposomwa idadi ya vidonge vyake vya azithromaisini. Fimbo haihitaji betri wala sakafu iliyonyooka, na mchanga hauiharibu. Wachanga wasiotimiza miezi 6 hutiwa mafuta ya macho ya tetrasaiklini. Mimi nilikuja kujitolea bila ujuzi wa sindano, kwa hiyo nilikabidhiwa daftari.

Hapakuwa na foleni ya kupanga. Wanaume walikuja kila mmoja na ekicholong yake mkononi, kigoda kidogo cha mti ambacho mchana hukaliwa na usiku hulaliwa kama mto, wakakaa kivulini mpaka mkalimani alipowaita. Kwetu mabenchi ya zahanati hugombewa tangu alfajiri, na mjadala wa nani kamtangulia nani huweza kufika adhuhuri. Nilipouliza umri, mzee mmoja alijibu kwamba alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuchunga ngamia ulipoingia ukame wa Lopiar, ule wa karibu na mwaka 1980. Nikapiga hesabu, nikaandika 55, naye akaichungulia ile tarakimu kwa heshima tu, si kwa kuiamini.

Kilichotupeleka ni trakoma, ambayo wengine huiita vikope. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, ngozi ya ndani ya kope hupata makovu. Miaka ikipita kope hugeukia ndani, nywele zake zikawa zinalikwaruza jicho kila linapopepesa, hata nuru ikapotea. Bibi mmoja alivaa shanga zilizomfunika shingo yote, na kati yake kilining'inia kibano cha bati cha kung'olea nywele hizo. Muuguzi aliyefunzwa upasuaji huo alimdunga ganzi, akaikata na kuishona kope ielekee nje, na bibi akarudi kwake siku hiyohiyo, bandeji jichoni.

Baada ya dawa huja nasaha: nyuso za watoto zioshwe, vyoo vichimbwe. Nilizisikia nikiwa mtu ambaye hajawahi kuhesabu maji ya kunawa uso. Lamu, mwenye kuswali hutawadha kabla ya swala, na katika mabirika ya zamani ya misikiti na majumba hufugwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Uso safi tumeupata ndani ya ibada, pasipo mtu kututajia ugonjwa wowote.

Loima maji hutafutwa chini ya mto mkavu. Mwanamke mmoja hushuka ndani ya shimo kwenye mchanga, akachota kwa bakuli, akampa aliye juu, naye akajaza jerikeni. Watu hunywa, chai huchemshwa, wanambuzi hupewa chao. Uso wa mtoto husubiri zamu yake katika orodha hiyo, na mama aliyeubeba mzigo kichwani ndiye anayejua kama itafika.

Choo nacho kina hesabu yake. Wageni hudhani nzi wa macho huletwa na mifugo, kumbe yule anayehusika zaidi na kuieneza trakoma hupendelea kuzaliana katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa juu ya ardhi. Lakini familia inayofuata malisho itahama kabla shimo halijajaa, tena shimo lenyewe huporomoka mchangani. Nyumba zetu za mawe zimepokea choo kimoja vizazi na vizazi, kwa hiyo ni rahisi kwetu kukihubiri.

Vidonge hugawiwa kila mwaka, na lengo ni kwamba kati ya watoto wa miaka 1 hadi 9, wenye dalili za trakoma hai washuke chini ya asilimia 5. Inawezekana, maana vidonge hubebeka. Sanduku moja la gari hutosha vijiji kadhaa. Ila nikiulizwa safari ijayo nani aongezwe kwenye kiti kilichobaki, nitamtaja fundi wa visima kabla ya daktari wa pili, na kabla ya mwandika daftari.