Triumph ya 1967 na orodha ya mteja

Wasomaji wangu, leo hakuna msimbo. Leo ni grisi, nyaya na spana. Lakini kama nawe unakula kwa kuandika programu, vumilia kidogo, nadhani utajiona humu ndani.

Swali lenyewe ni hili. Mteja anakuletea kitu cha zamani kinachofanya kazi, kisha anakupa orodha ya anavyotaka kibadilishwe. Pesa ni zake, kitu ni chake. Je, unafanya yote? Na kama si yote, unakataa lipi, kwa sababu gani?

Mwaka 2019 nilikuwa Coventry, Uingereza, kwa mkataba wa miezi sita: kuhamisha mfumo mkongwe wa hesabu za ghala kwenda kwenye mfumo mpya. Hiyo ilikuwa kazi ya Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi nilikuwa katika gereji ndogo nje ya mji, kwa fundi wa miaka sabini na ushei anayetengeneza pikipiki za Kiingereza za zamani. Alikuwa anatafuta mtu wa kumchorea ramani za nyaya kwenye kompyuta. Kwa malezi ya nyumbani nilishindwa kumwita kwa jina lake tupu kama wafanyavyo wenyeji. Nikawa namwita Mzee, nikamweleza maana yake, akalipenda. Basi naye ni Mzee hapa pia.

Pikipiki iliyokuwa mezani ilikuwa Triumph Bonneville T120R ya 1967. Kwa wasioijua: injini ya silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, sentimita za ujazo 649, kabureta mbili. Jina Bonneville limetoka kwenye uwanda wa chumvi huko Utah, Marekani, ambako mwaka 1956 Johnny Allen alikimbiza chombo chenye injini ya Triumph hadi maili 214 kwa saa. Pikipiki zenyewe ziliundwa Meriden, mwendo mfupi tu kutoka Coventry. Kiwanda kile kilifungwa 1983 na pale pamejengwa nyumba za watu. Kwa maneno mengine, aliyeitengeneza hayupo tena, na huwezi kumpigia simu umuulize kwa nini alifanya hivi au vile. Waandishi wa programu mnaijua hali hiyo, sivyo?

Mnunuzi alikuwa bwana mmoja wa miaka hamsini hivi, mwendeshaji mzoefu wa pikipiki za kisasa. Alikuwa ameshalipa arubuni. Orodha yake ilikuwa na mambo manane: hendeli fupi za chini, vikanyagio vilivyosogezwa nyuma, kiti kifupi chenye nundu na mkia wa fremu ukatwe, tangi jipya jeusi, mfumo wa cheche wa kielektroniki, taa za LED pamoja na mahali pa kuchajia simu, breki ya diski mbele, na mwisho gia ihamishwe kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto. Kwa kifupi alitaka kafe resa, lakini iwe na akili za leo.

Kabla hujamwita mharibifu, kumbuka kwamba kubadilisha pikipiki hizi ni mila ya huko huko. Miaka ya 1950 na 1960 vijana wa Kiingereza walizipunguza uzito na kushindana kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine. Ace Cafe, kando ya barabara ya North Circular jijini London, ulikuwa makao yao makuu hadi ulipofungwa 1969 (ulifunguliwa tena rasmi 2001). Waliopendwa kuliko wote ni Triton: injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton iitwayo Featherbed, iliyobuniwa na Rex McCandless wa Ireland ya Kaskazini. Injini ya Triumph ilisifika kwa nguvu, fremu ya Norton kwa utulivu kwenye kona. Unachukua bora ya huyu na bora ya yule. Kwa hiyo Mzee hakuwa na shida na neno "badilisha". Shida yake ilikuwa "namna gani".

Kitu cha kwanza alichofanya si kufungua nati. Alichukua kitambaa na tochi, akasafisha kichwa cha fremu upande wa kushoto na injini chini ya silinda, pia kushoto, akasoma namba. Zote zinaanza na DU, zote zinafanana. Maana yake injini na fremu zilitoka kiwandani pamoja, na baada ya nusu karne bado hazijaachana. "Kuanzia sasa," akaniambia, "tunafanya kazi kwenye kitu ambacho hakiwezi kutengenezwa tena."

Kisha akagawa orodha ya mteja mafungu matatu. Fungu la kwanza: yale yanayoweza kurudishwa yalivyokuwa kwa spana tu. Fungu la pili: yasiyorudishika kwa urahisi, lakini yanagusa usalama wa mtu. Fungu la tatu: yasiyorudishika, na ni ya kupendeza macho tu. La kwanza fanya bila maneno mengi. La pili kaa chini na mteja. La tatu kataa, au tafuta njia ya kulihamishia fungu la kwanza.

Hendeli, vikanyagio na tangi ni fungu la kwanza. Tangi la asili lilifungwa kwenye blanketi, tukaweka la nakala likapakwa rangi nyeusi. Cheche za kielektroniki pia. Pikipiki hii hutumia pointi mbili zinazofunguka na kufunga, ambazo husagika, na kila zikisagika majira ya cheche husogea. Injini hii ikikimbia hutaka cheche nyuzi 38 kabla pistoni haijafika juu kabisa. Mfumo mpya hutumia sumaku na kihisi, hakuna kinachosuguana, na wote hukaa pale pale pointi zilipokuwa, nyuma ya kifuniko kile kile cha duara. Ukitazama kwa nje huoni tofauti.

Mkia wa fremu ulikuwa fungu la tatu. Kukata ni kukata, na fremu hii ikishakatwa hakuna wa kukuuzia mpya ya 1967. Isitoshe, huko Uingereza tangu 2018 chombo chenye zaidi ya miaka 40 hakilazimiki kwenda ukaguzi wa kila mwaka, ila kisiwe kimebadilishwa sana. Hapo ndipo nilipoona kwa nini ni muhimu kujua kitu kilivyojengwa kabla ya kubishana na mteja. Fremu ya Triumph hii si kipande kimoja! Sehemu ya nyuma, inayobeba kiti, imefungwa kwa boliti kwenye sehemu ya mbele yenye namba. Mzee akatafuta sehemu ya nyuma kuukuu, yenye kutu, akaikata hiyo, akaipiga weldingi, akaifunga. Ya asili ikafutwa vumbi na kuwekwa darini. Mteja akapata mkia wake mfupi, na pikipiki haikupoteza kitu. Sisi tungesema ametengeneza tawi badala ya kuandika juu ya shina.

Nyaya zilikuwa zangu, na hapa nisikilizeni vizuri. Gari na pikipiki za leo hufunga upande hasi wa betri kwenye bodi. Hii hufunga upande chanya. Na katika mpangilio wa rangi wa Lucas, waya mwekundu ndio unaokwenda kwenye bodi. Mtu aliyezoea kwamba nyekundu ni moto anaweza kuchoma taa ya LED au chaja ya simu siku ya kwanza. Tukaamua kugeuza mfumo mzima uwe hasi, tukaondoa kile kidhibiti cha zamani, diodi ya Zener, na kirekebishi chake, tukaweka kifaa kimoja kinachofanya kazi za vyote viwili. Nyaya zikawa mpya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Za zamani hazikukatwa hata moja, zilichomolewa nzima zikafungwa pamoja. Halafu ndani ya kifuniko cha pembeni, mahali ambapo fundi yeyote lazima afungue ili afikie betri, Mzee akabandika bamba lenye maneno matatu makubwa: HASI KWENYE BODI. Nikamwambia ramani yangu inasema hivyo tayari. Akajibu kwamba ramani hukaa kwenye droo ya mtu, na pikipiki hukaa barabarani.

Breki ilikuwa fungu la pili. Mteja alikuwa na haki: breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kusimamisha, na ya 1967 ni ngoma ambayo kiatu kimoja tu kati ya viwili hujikaza kwa kuvutwa na mzunguko wa gurudumu. Lakini diski ingedai gurudumu jingine na fomu nyingine za mbele. Mzee akamuuliza: "Unataka diski, au unataka kusimama?" Bwana akafikiri, akasema anataka kusimama. Basi akafungiwa ngoma ya 1968, ambayo viatu vyote viwili hujikaza. Mwaka mmoja tu mbele, ukoo ule ule, na tofauti yake unaisikia mkononi.

Ikabaki gia, na hapa ndipo mambo yalipokuwa mazito kweli. Kwenye pikipiki za kisasa, na hata boda boda zetu, gia ni mguu wa kushoto na breki ya nyuma ni wa kulia. Triumph hii ni kinyume. Waingereza waliacha mpangilio huo katikati ya miaka ya 1970, sheria za Marekani zilipodai gia iwe kushoto. Kuihamisha kunahitaji fimbo za kuvuka chini ya pikipiki, na kila kiungo huongeza ulegevu. Kutoihamisha kunaweza kumuua mtu siku mtoto atakaporuka barabarani. Mzee hakusema ndiyo wala hapana. Alitoa pikipiki yake mwenyewe, yenye gia kulia, akampeleka mteja kwenye uwanja mtupu. Yeye akasimama na bendera. Bendera ikianguka, simama.

Jumamosi ya kwanza mguu wa kulia wa bwana yule ulikanyaga gia karibu kila mara. Uso ulimbadilika, na sidhani ilikuwa baridi. Jumamosi ya pili, nusu kwa nusu. Ya tatu alisimama sawasawa mara kumi kwa kumi, akavua kofia akasema, "Acha ilivyo." Mzee akamwekea sharti moja: asiendeshe ile ya kisasa na hii katika wiki moja, maana miguu haisomi maelezo. Na kama angeshindwa Jumamosi ile ya tatu, fimbo zingefungwa bila mjadala, asili au si asili.

Nililofurahia zaidi ni sanduku. Siku ya kukabidhi, mteja alipewa funguo pamoja na sanduku la mbao: pointi, nyaya, diodi, hendeli, ngoma ya breki, kila kimoja na kikaratasi kinachosema kilitoka wapi, lini, na kwa sababu gani. Tangi na mkia wa fremu vilifungwa kando. Kwamba tuliondoa nini, yeyote angeona kwa macho. Ile "kwa sababu gani" ndiyo haionekani. Kwenye mfumo ule wa ghala niliokuwa nikihangaika nao siku za kazi, mtu aliwahi kubadilisha hesabu ya kodi bila kuandika neno, nasi tulitumia siku tisa kutafuta kama ni kosa au ni sheria. Ilikuwa sheria.

Siku hizi mteja akiniletea orodha, naigawa mafungu matatu kabla sijafungua hata faili moja. La kwanza naanza siku hiyo hiyo. La pili naomba uwanja na bendera. La tatu namwomba mwenye orodha aniambie anataka nini hasa, kwa sababu aghalabu hataki diski, anataka kusimama.